Mshahara wa Mkaanga Chipsi, Kirumba na Denmark

Habari zenu, ndugu zangu wa Mwanza. Leo sirekodi nikiwa Copenhagen. Nipo hapa Kirumba, hatua chache kutoka soko la Mwaloni, na kelele mnazosikia nyuma yangu ni za makuli wanaoshusha magunia ya dagaa. Nipo katika likizo yenye malipo, ambayo nchini Denmark ni wiki 5 kwa mwaka, hata kwa mkaanga viazi kama mimi.

Wengi mmeniuliza ni sheria gani ya kima cha chini inayonilinda. Haipo. Kule viwango vya mishahara hutoka katika mikataba ya hali bora ambayo vyama vya wafanyakazi hufunga na waajiri. McDonald's, kampuni ya Marekani ya migahawa ya vyakula vya haraka, ilipoingia nchini humo mwaka 1981 ilikataa kuufuata mkataba wa sekta yake, na mvutano ukaendelea kwa miaka mingi, hadi vyama vingine vilipoamua kuingilia: makuli wa bandarini wakakataa kupakua makontena yake, madereva wakakataa kuipelekea vyakula, wachapaji wakakataa kuichapia vikombe, na mafundi ujenzi wakauacha mgahawa wake haujakamilika. Mwaka 1989 kampuni ikasalimu amri. Hebu wafikirieni hawa makuli wa Mwaloni wakigomea gunia la viazi kwa sababu tu kijana wa kibandani, wasiyemjua hata jina, amepunjwa posho.

Marekani wamepita njia nyingine, ya kuibana serikali. Kima cha chini cha shirikisho, yaani cha nchi nzima, kimeganda kwenye dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, lakini wafanyakazi wa migahawa waliogoma New York Novemba 2012 wakidai dola 15 waliwasha moto ulioenea, na tangu Aprili 2024 California inazitaka kampuni kubwa za vyakula vya haraka zilipe angalau dola 20.

Mimi kazi hii niliianzia mtaa huu huu, kwa posho ya siku, na chupa ya tomato ikivunjika ilikatwa humo humo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikuwa imekwisha kunipa haki ya kujiunga na chama, na CHODAWU, kinachosimamia wafanyakazi wa hotelini, kilikuwapo. Ila kibandani tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa mpwa wa tajiri.