Kukodi boti ya kuvua: masaa yako yanaishia wapi?

Kombo: Haya Zuhura, mtu yuko zake hoteli ya ufukweni, kaona bango risepsheni, kuvua bahari kuu nusu siku, marlini, yule samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki, anaruka kwenye picha, kadi ishatoka mfukoni. Alipe?

Zuhura: Asilipe bado bwana! Yule wa pale risepsheni mara nyingi boti si yake, ni dalali tu, anakata chake ndo anampigia nahodha. Omba kuongea na nahodha mwenyewe.

Kombo: Amuulize nini sasa?

Zuhura: Muda. Nusu siku kawaida ni masaa manne au matano, sasa yanaanza kuhesabiwa wapi? Wengi wanahesabu toka mnaondoka gatini, na kama samaki wakubwa wako mbali huko kwenye kina, kwenda lisaa, kurudi lisaa, hebu toa mwenyewe, kwenye manne uliyolipia mishipi imekaa majini masaa mawili basi.

Kombo: Duh, kumbe nimelipia matembezi.

Zuhura: Matembezi na moshi wa dizeli. Ukitaka marlini au sulisuli chukua siku nzima, wale mnawakokotea chambo, boti inatembea chambo zinafuata nyuma, mnaweza kukaa wee hamna kitu watu washaanza kusinzia, mara rili, kile kigurudumu cha mshipi kwenye fimbo, inalia zzzzz kila mtu anaruka. Nusu siku bora mbaki karibu na mwamba mvue chini, hata watoto hawachoki.

Kombo: Na samaki wa nani? Mi najua nikimvuta mwenyewe ni wangu.

Zuhura: Hahaa, hapo ndo watu wanapogombana gatini. Boti nyingi samaki ni wa boti, we unapewa minofu kidogo, na marlini wengi wanarudishwa majini hai. Kubalianeni kabla, tena kwa meseji ili isije kuwa neno lako na lake.

Kombo: Bahari ikichafuka je?

Zuhura: Nahodha akisema hatutoki, hela irudi au mpangiwe siku nyingine, nayo iandikwe. We ukishindwa kuamka hiyo juu yako. Ee na kabla hujapanda ona jaketi okozi kwa macho yako, za watoto ziwe saizi yao, na redio ya VHF ijaribiwe, chaneli 16 ndo ya dharura.

Kombo: Mi nachafukwa na tumbo hata kwenye feri.

Zuhura: Dawa unywe mapema ukiwa nchi kavu, ukishaanza kutapika inatoka nayo. Halafu tazama mbali kule bahari inapokutana na mbingu, achana na simu.

Kombo: Sawa, ila mi nataka rekodi ya dunia.

Zuhura: We! Marlini mweusi wa rekodi alivuliwa Cabo Blanco, Peru, mwaka 1953, kilo 707 na ushee. Na kwa sheria za IGFA, wale wanaotunza rekodi za uvuvi duniani, mtu mwingine akigusa fimbo yako wakati unapambana naye, rekodi imekufa, so mwambie baharia mapema asikusaidie.

Kombo: Kilo 707? Aje asaidie tu, na nahodha naye aache usukani aje.