Ngano Iliyojificha Kwenye Kopo la Viungo

Assalaam alaykum. Shikamooni wakubwa. Akina mama, na akina baba wachache mliojitahidi kufika, wanaonijua wanajua nitasema nini, na kuna mzee pale nyuma keshaanza kucheka. Cheka tu, mzee wangu. Leo simo kwenye chapati. Mzazi ambaye daktari keshamwambia mtoto wake ana siliaki, ule ugonjwa wa utumbo kuharibiwa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, basi chapati, maandazi na tambi keshaviacha. Mimi nataka ngano iliyosagwa ikatiwa ndani ya kitu ambacho wala hakiitwi ngano.

Chukua mvuje, kile kiungo cha harufu kali. Kuna mama mmoja wa huku Ngamiani, mwanawe ameachishwa ngano kwa miezi, na bado tumbo linajaa, choo hakikamatiki, uzito hauongezeki. Akiambiwa anampa mtoto mkate kwa siri, analia. Nikamwambia, mama, usiniletee maelezo, niletee jiko. Akaja na kikapu kizima. Tukaanza kutoa kimoja kimoja: chumvi, mafuta, binzari, pilipili manga, vile vipande vya supu. Vipande vya supu nikaviweka pembeni, vilikuwa na ngano, ila yeye alishaviacha zamani. Chini kabisa kikatoka kikopo cheupe cha mvuje wa unga, kifuniko kimekwama kwa uchafu wa jikoni. Maandishi yenyewe ni madogo kama vijidudu, ikabidi nivue miwani. Cha kwanza kwenye orodha ya viambato: unga wa ngano. Kisha gundi. Kisha ndio mvuje wenyewe.

Na viambato vinaandikwa kwa uzito, kikubwa kinatangulia. Kwa hiyo kwenye kile kikopo ngano ilikuwa nyingi kuliko mvuje! Lakini huo si wizi. Mvuje halisi ni utomvu mkali, unanata, hausagiki vizuri peke yake, ndiyo maana watengenezaji wengi huuchanganya na unga. Wengine wanatumia unga wa mchele, kopo likaandikwa hivyo. Na kopo la kutoka India likiandikwa maida, hiyo ni ngano hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni utamu wake. Nani alikuwa anautia? Bibi. Kwa nini? Kwa sababu tumbo la mjukuu linajaa gesi! Tumbo likizidi, bibi anazidisha mvuje kwenye dengu. Simlaumu bibi, mvuje kwa tumbo ni dawa ya wazee wetu. Nalilaumu kopo ambalo hakuna mtu aliyelisoma.

Najua kuna atakayesema: kitone tu, kitamfanya nini? Haya, tupige hesabu. Gramu 1 ya unga wa ngano ina gluteni kama miligramu 80. Watafiti waliowapa wagonjwa miligramu 50 kwa siku, kwa miezi mitatu, waliona utumbo unaharibika. Mvuje wa dengu peke yake, sufuria moja ikigawanywa nyumba nzima, pengine haufiki huko. Lakini mtoto hali mvuje tu. Kuna soya sosi ya mchana, masala iliyoongezwa unga ili ijae, baking poda iliyotiwa wanga wa ngano, na kila siku inarudi. Kipimo cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni miligramu 20 kwa kilo nzima. Kilo nzima, jamani.

Mwingine ataniambia huu ni ugonjwa wa Wazungu wa juzi. Juzi ipi? Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, aliishuku ngano tangu miaka ya 1930. Mkate ulipoadimika kwenye njaa ya vita ya 1944 na 1945, watoto wagonjwa aliokuwa akiwatibu wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakarudi kuumwa. Tuendelee.

Namba zenye E, zile za viungio vya kiwandani kwenye lebo. Kuanzia E1404 hadi E1451 mtakuta wanga uliobadilishwa. Namba inakuambia wanga umefanywa nini. Haikuambii umetoka kwenye muhogo, mahindi au ngano. Bidhaa iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya lazima iitaje ngano. Sheria ya Marekani ya 2004 inalazimisha ngano itajwe, lakini shayiri haimo. Kwa hiyo kimea cha shayiri kinaingia kwenye unga wa kinywaji cha chokoleti na kwenye konfleksi, na pakiti haina neno ngano hata moja. Kimea cha ulezi cha uji wetu hakina shida, msije mkakitupa. Msiitupe E621 pia, ile ya kukoleza ladha, kwa sababu hii, haina gluteni, wala maltodekstrini isiwatishe kwa jina lenye “malt”, si kimea hicho. Watu wanatupa visivyo na kosa halafu mvuje unabaki kabatini!

Naambiwa muda. Muda gani, sijafika kwenye uji? Basi haraka. Unga wa lishe: mara nyingi ngano imo, kwa hiyo changanya nafaka mwenyewe. Mashine ikitoka kusaga ngano ya mtu, usipeleke mchele wako nyuma yake. Vitumbua na bagia, muulize mpishi kama ameshikiza na unga wa ngano. Vidonge vina wanga pia, muulize mfamasia. Masala ya kupimiwa kwa kijiko ikafungwa kwenye kifuko cha nailoni haina lebo, wewe unasoma nini? Nunua bizari nzima, usage nyumbani.

Na ambaye mtoto hajapimwa, usimwachishe ngano kwanza. Kipimo cha damu kinamtaka awe bado anaila. Mwenye pakiti asiyoielewa aje nayo hapa mbele. Pakiti yenyewe, si picha ya simu. Macho yangu mmeshayasikia.