Nyuzi 94

Wazee wetu, akina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa hadi mlangoni, hamjambo. Nashukuru kuwaona wengi hivi Jumamosi ya soko hapa Nakuru.

Mezani hapa kuna jiko la gesi, sufuria ndogo ya maji na kipimajoto cha maabara. Maji yameanza kuimba. Namwomba binti yule wa kidato cha tatu, aliyevaa sweta ya kijani, aje asimame hapa awe macho yetu. Mapovu makubwa yakianza kupanda kutoka chini, atatuambia anachosoma. Wakati huo nami nitasimulia.

Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule ambayo haiko mbali na ukumbi huu, tulipewa zoezi hilihili. Tukachemsha maji, tukasoma 94. Tukangoja. Mapovu yakapanda, mvuke ukajaa darasani, bado 94. Mwalimu akapita, akatazama, akasema kipimajoto kimeharibika, andikeni 100. Tukaandika 100. Kuna kijana mmoja nyuma aliyeuliza mbona vipimajoto vyote sita vimeharibika kwa namna moja. Aliambiwa aketi. Darasa zima tulifuta tulichokiona kwa macho yetu, tukanakili kilichokuwa kitabuni. Imenichukua miaka mingi kuelewa tulichofundishwa asubuhi ile, na haikuwa fizikia. Tulifundishwa kwamba elimu inatoka mbali, na kwamba kitu cha hapa kikikataa kulingana na kitabu, basi cha hapa ndicho kibovu.

Binti, unasoma ngapi?

“Tisini na nne, Mwalimu.”

Tazama tena, usiharakishe.

“Tisini na nne. Haipandi.”

Asante. Kaa hapohapo. Kipimajoto hiki ni kizima. Kipeleke Mombasa, ukichovye kwenye sufuria inayochemka kando ya bahari, kitakusomea 100. Kisumu kitasoma 96 na kidogo. Molo kitasoma kama 92. Maji ni yaleyale. Kinachobadilika ni hewa iliyo juu ya sufuria.

Hewa ina uzito. Tunatembea chini yake kama samaki anavyotembea chini ya maji, na kwa kuwa tumeizoea, hatuihisi. Hewa hiyo inayakandamiza maji kwenye sufuria kama mfuniko. Chembe za maji zikipata joto zinataka kuruka, hewa inazirudisha. Siku nguvu ya mvuke ndani ya maji inapolingana na uzito wa hewa inayoyakandamiza, ndipo povu linaweza kuzaliwa hata chini kabisa ya sufuria. Huko ndiko kuchemka. Sasa Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Sehemu ya hewa iko chini yetu, haitukandamizi tena. Iliyobaki juu yetu ni kama nne kwa tano ya ile ya Mombasa. Mfuniko ni mwepesi, maji yanauinua mapema. Kwa hesabu ya haraka, kila mita 300 unazopanda, kiwango cha kuchemka kinashuka kwa karibu uzi mmoja.

Mtaniuliza, nyuzi nne tano zinamhusu nani? Zinamhusu kila anayepika. Mke wa ndugu yangu alizaliwa Kisumu, akaolewa Molo. Mwezi wa kwanza alimlaumu muuza maharagwe. Wa pili akalaumu kuni. Alipofika mahali pa kujilaumu mwenyewe, na wakwe wanasubiri chakula, alikuwa analia jikoni. Githeri iliyoiva Kisumu saa fulani, Molo ilikuwa bado inagonga meno. Ukweli ni kwamba maji yakishaanza kuchemka hayapandi joto tena hata ukiongeza kuni mzigo mzima. Moto wa ziada unatengeneza mvuke tu. Kwa hiyo maharagwe ya Molo yanaivia kwenye nyuzi 92, ya Kisumu kwenye 96, na kuiva ni kazi inayozorota sana joto likipungua hata kidogo. Dawa yake ni sufuria ya presha: unafunga mfuniko, mvuke unabanwa, maji yanalazimika kupita nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Hakuna aliyemwambia mama yule jambo hilo, ingawa nyumba ile ilikuwa na watu watatu waliofaulu fizikia. Hilo linaniuma.

Sasa tutoke jikoni, lakini sufuria ya presha tuibebe.

Hapo nyuma yetu ni Menengai. Mkisimama ukingoni mnaona shimo kubwa, mlima uliojiporomokea wenyewe zamani sana. Bonde la Ufa linapanuka bado, milimita chache kila mwaka, na kwa sababu ganda la dunia hapa ni jembamba, joto la chini limesogea karibu. Maji ya mvua yanayozama kwenye nyufa yanakutana na mawe ya moto. Kule Olkaria, upande wa Naivasha, ukichimba kilomita mbili au tatu unakuta maji yenye nyuzi 300 na zaidi. Nyuzi 300, na bado ni maji! Hayajawa mvuke, kwa sababu yamebebeshwa uzito wa maji mengine na mawe juu yake. Kuyazuia yasichemke kwenye joto hilo kunahitaji shinikizo la kama mara 85 ya hewa ya Mombasa. Hiyo ndiyo sufuria ya presha ambayo mfuniko wake ni mwamba.

Kisima kinapochimbwa, mfuniko umetobolewa. Maji yanapanda, shinikizo linashuka, na njiani sehemu yake inageuka mvuke ghafla. Lita moja ya maji ikiwa mvuke juu huku inataka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Msukumo huo ndio unaozungusha turbini. Mtu aliyesimama karibu na kisima kinachojaribiwa anajua ngurumo yake: unaisikia kifuani kabla ya masikioni, na gesi inanuka yai viza.

Kazi hii haikuanza jana. Visima vya kwanza Olkaria vilichimbwa miaka ya 1950, havikufaa, vikaachwa. Utafiti ukarudi miaka ya 1970, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kazi. Kufikia 1985 ilikuwa mitatu. Leo jotoardhi, yaani joto hilo la chini ya ardhi, ndiyo inayotoa sehemu kubwa kuliko chanzo kingine chochote cha umeme wa Kenya. Mvua ikikatika, mabwawa yanapungua; Olkaria haiulizi habari za mvua ya mwaka huu, wala haingoji jua lichomoze. Na Menengai yenyewe, mlima wetu, ilianza kutoa megawati 35 mwaka 2023.

Lakini watu wa Eburru walitangulia wahandisi. Kule mlimani hakuna mito, ila ardhi inapumua mvuke. Wenyeji wanalaza bomba juu ya tundu la mvuke, wanaliinamisha kidogo, mvuke unapoa ndani ya bomba, na mwisho wa bomba tone, tone, tone linaingia kwenye pipa. Maji ya kunywa kutoka kwenye mvuke wa ardhi. Mvuke huohuo umekaushia pareto tangu enzi za ukoloni. Ninaposikia watu wakisema viwanda vya kijani ni jambo la wageni, namkumbuka mzee wa Eburru na bomba lake lililoinamishwa.

Naivasha kuna shamba la maua lililoanza kupasha vitalunyumba vyake kwa maji ya kisima cha jotoardhi. Usiku wa Naivasha ni baridi, unyevu unatua kwenye majani ya waridi, ukungu unaingia. Ukipasha hewa kidogo majani yanakauka, na dawa ya kunyunyiza inapungua. Hapa Menengai wamejaribu kupasha maziwa kwa njia hiyo. Maziwa yanahitaji nyuzi 63 kwa nusu saa, au 72 kwa sekunde 15, na hayo ni maji ya uvuguvugu tu kwa kisima cha Menengai. Ningetamani kila chama cha wafugaji kutoka Bahati hadi Njoro kielewe hesabu hiyo.

Nisiwafiche upande wa pili. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria ya nne, na malalamiko yao kuhusu makao mapya yalifika hadi kwa wakopeshaji wa mradi huko ng’ambo. Nishati safi inayomwacha jirani na kinyongo bado ina deni.

Haya. Hewa nyepesi. Tulisema hapa ni nne kwa tano; Iten, kwenye mita 2,400, ni kama robo tatu. Mkimbiaji wa huko kila pumzi anavuta oksijeni pungufu, na mwili unajibu kwa kutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi. Dunia ililiona hili wazi Oktoba 1968, Michezo ya Olimpiki ilipofanyika jiji la Mexico, kwenye mita 2,240. Naftali Temu, mwana wa Gusii, alishinda mita 10,000, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Amos Biwott akachukua ya kuruka viunzi na maji. Kipchoge Keino akamwacha Jim Ryun wa Marekani nyuma kwa karibu sekunde tatu katika mita 1,500. Wengi waliotoka nchi za tambarare waliishiwa pumzi. Hewa hiyohiyo lakini ilimsaidia anayehitaji kasi ya sekunde chache tu: Bob Beamon aliruka mita 8.90, na rekodi hiyo haikuvunjwa hadi 1991. Hewa nyepesi haimzuii anayeruka, inamnyima anayepumua.

Kuna jambo la pili la mkimbiaji ambalo halizungumzwi sana, nalo ni joto. Msuli ni injini ya ajabu, lakini kama robo tu ya nguvu yake inakuwa mwendo. Robo tatu ni joto. Mkimbiaji wa marathoni wa kiwango cha juu anazalisha karibu wati 1,000 za joto: ni kama amemeza pasi ya umeme inayowaka, na anakimbia nayo saa mbili. Kinachomwokoa ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi inaondoka na joto linalotosha kuchemsha karibu lita saba za maji hapa Nakuru. Sikilizeni vizuri: ikikauka. Jasho linalodondoka chini halijakupoza.

Ndiyo maana Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipofanyika Mombasa, mambo yalikuwa magumu. Hewa ilikuwa imeshiba unyevu, jasho halina pa kwenda. Kenenisa Bekele, aliyekuwa ameshinda miaka mitano mfululizo mbio ndefu za mashindano hayo, aliacha njiani. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyemaliza wa kwanza. Kinyume chake ni Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Waandaaji walijiwekea siku kadhaa za kuchagua, wakingoja asubuhi yenye ubaridi na upepo mdogo, mji wenyewe ukiwa chini, hewa nzito yenye oksijeni tele. Eliud Kipchoge alimaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuhesabiwa rekodi rasmi kwa sababu ya wasindikizaji waliopokezana. Damu iliyojengwa Kaptagat, kambi yake ya mazoezi ya nyanda za juu, hewa ya bondeni, ubaridi wa asubuhi: mtu aliyepanga siku ile alijua fizikia ya sufuria hii.

Nimebakiwa na dakika chache, na kijana wa Shinyalu ameketi pale mbele na ngoma yake amekuwa mvumilivu. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, iliingia mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na mnaoishabikia timu ya soka ya AFC Leopards mnaijua vizuri kuliko UNESCO. Ngoma ya asili ni gogo lililochongwa likawambwa ngozi ya kenge. Ngozi hunywa unyevu wa hewa. Ikinywa inalegea, sauti inashuka, inakuwa kama mtu anayepiga godoro. Ndiyo maana nimewaona wapigaji nje ya uwanja, baada ya manyunyu, wakiwasha magazeti na kuipitisha ngoma juu ya moto. Unyevu unatoka, ngozi inakaza, sauti inapanda. Kanuni yake ni hii: ukitaka uzi au ngozi itoe sauti iliyopanda oktavu nzima, kutoka do hadi do ya juu yake, lazima uikaze mara nne, si mara mbili. Mpiga nyatiti wa Siaya anayezungusha kamba zake nane, moja moja, akisikiliza kwa sikio la kushoto, anaifanya hesabu hiyo vidoleni. Zamani kamba zilikuwa za mishipa ya ng’ombe, leo ni za nailoni ya wavuvi wa ziwani. Na mtindo wake wa kudonoa ndio uliohamia kwenye gitaa la benga miaka ya 1960, ukasikika hadi Zimbabwe. Ningependa kukaa hapo, lakini benga inataka Jumamosi yake peke yake.

Basi kijana, njoo. Jengo hili limefungwa tangu asubuhi, watu zaidi ya mia mbili wamepumua humu, na sufuria yangu imeongeza mvuke. Ngozi yako imekunywa vya kutosha. Ipige kwanza ilivyo. Wote tunyamaze tusikie.

Sasa binti, toa sufuria jikoni. Punguza moto. Kijana, ilete ngoma juu ya joto, usiisogeze sana, izungushe polepole. Hesabuni mpaka sitini. Kisha ipige tena, na kila mmoja aandike alichokisikia, hicho alichokisikia mwenyewe.