Siku ya 19: mhadhara kwa wanaoanza kupiga picha

Assalaam aleikum. Hamjambo. Nashukuru kwa kunialika, na nashukuru zaidi kwa hii kahawa, maana nimetoka dukani moja kwa moja na mikono bado inanuka rangi. Mimi si mpiga picha wa kazi. Nauza misumari na mabomba Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Kupiga picha nimejifunza kwa sharti moja nililojiwekea: kila siku nibaki na picha moja, iwe nzuri iwe mbovu, kabla sijalala.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Fort Jesus. Zile pembe za ndovu za Moi Avenue. Milango ya Ndia Kuu, mashua, mibuyu ya ufukweni Mama Ngina, na paka. Jamani, paka wa Mji wa Kale nimewapiga mpaka wakawa wananikimbia. Siku ya 19 nikaishiwa. Nimefunga duka saa mbili usiku, mvua inanyesha, stima imepotea, na bado sijapiga kitu. Nikapiga ndara zangu mlangoni kwa mwanga wa mshumaa. Picha ikatoka mbaya, na mbaya kweli.

Lakini ndipo nilipoanza kujifunza. Fort Jesus Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na tangu hapo inapendeza bila msaada wangu. Ielekezee simu yoyote, utapata sifa. Ndara hazikusaidii chochote. Kesho yake nikazirudia, mshumaa nikauweka ubavuni badala ya mbele, na ghafla nikaona mikunjo ya ngozi, na vumbi, na shimo la kidole gumba. Kitu ni kile kile. Kilichohama ni mwanga. Nasema mwanga wa kuonea, si yule mwanga anayeruka usiku. (Kicheko.)

Na mwanga wa hapa kwetu una tabia zake. Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Machi na mwezi Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa. Mpige mtu saa sita mchana: nyusi zinatupa kivuli, macho yanakuwa mashimo mawili. Msogeze barazani, chini ya paa, uso uangalie njiani. Basi. Jioni nayo haikungoji. Jua likishatua, una dakika 20 hivi, kisha giza. Tena bahari yetu iko mashariki! Kila nikienda Nyali namkuta mtu anangoja jua lizame baharini, nalo linamzamia mgongoni, upande wa Changamwe. Ukuta wa Fort Jesus unaotazama bahari ni wa asubuhi. Hapo jua linapita ubavuni mwake na kila tundu la jiwe la matumbawe linaonekana. Ukienda alasiri unakuta ukuta umelala kivulini.

Sasa nije kwenye jambo lililonitesa zaidi. Idi moja niliwapiga ndugu zangu, kanzu nyeupe pe, zimepigwa pasi. Nyumbani nikafungua picha: kanzu za kijivu, utadhani zimefuliwa na maji ya mtaro. Mke wangu na dada zake, wenye mabuibui meusi, wakatoka na weusi uliopauka. Nikailaumu simu. Kumbe simu haijui kanzu wala buibui. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kinadhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Kikiona weupe mwingi kinasema mwanga umezidi, kinaupunguza. Kikiona weusi mwingi kinauongeza. Kwa hiyo wewe ndiye wa kukisahihisha: gusa kioo hapo kwenye kanzu, kitatokea kijua kidogo pembeni, kisukume juu kidogo. Kwa buibui, kivute chini. Kwenye kamera kubwa kuna alama ya kujumlisha na kutoa. Kazi ni hiyo hiyo. Mkijaza fremu kanzu tupu mtaona wenyewe.

Mengine nitayapitia haraka. Futa lenzi. Mwezi mzima nilijisifia kwamba picha zangu zina ukungu wa kishairi, mpaka binti yangu akaigeuza simu akasema, "Baba, hapa kuna mafuta ya viazi karai." Ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi, subiri kioo kizoee joto la nje, la sivyo kinapata jasho. Na siku ikikupita kwa homa au kwa msiba, usilipe kadha kama ya saumu. Anza ya leo.

Wengi mnaniuliza: moja tu? Piga hata hamsini, lakini ibaki moja. Zamani mkanda ulikuwa na picha 36, na kuna mtu alianza nao Idi ndogo akaumaliza Idi kubwa. Leo 36 zinaisha kahawa haijapoa. Kufuta ndiko kunakouma, na mimi nakaa kwenye kufuta kuliko kwenye kupiga. Kisha naandika mstari mmoja kwenye daftari la duka, chini ya madeni ya watu: saa ngapi, mwanga ulitoka wapi, nimekosea nini.

Muuza kahawa wa barazani kwetu yuko kwenye daftari hilo mara nyingi kuliko mtu yeyote. Mara ya kwanza niliomba ruhusa, akacheka. Baada ya wiki mbili akaniuliza, "Wewe, picha zote hizi za nini? Mtu si ni mmoja?" Ilinichukua muda kugundua kwamba baada ya magharibi makaa yaliyo chini ya dele yanamulika kidevu chake kutoka chini, na mkono unaomimina, na mvuke. Mchana sikuwahi kuyaona hayo, na nilikuwa nimekaa palepale.

Nimesema niliomba ruhusa. Piga hodi kwa uso wa mtu kama unavyopiga hodi mlangoni. Katiba ya 2010 inalinda faragha, lakini hata bila katiba, mama wa watu si mbuyu. Na kwenye feri, simu ikae mfukoni.

Saa inakaribia kumi na moja u nusu. Mlango ule unatazama magharibi, jua sasa linaingia chini chini mpaka kwenye mkeka. Sote tumevua viatu pale. Kila mmoja akapige vyake, picha moja, halafu tuzitazame pamoja. Anayetaka kupiga vya mwenzake, amuulize kwanza.