Kamera ya USB Inakatika Ukiwa Hewani: Tutafute Chanzo Hatua kwa Hatua

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mmeusikia huo mlio? Ni mlio wa kompyuta kupoteza kifaa cha USB, na sekunde chache baadaye unakuja mwingine wa kifaa kurudi. Sasa tazameni picha yangu hapa kwenye OBS Studio, programu ya kurekodi na kurusha video mtandaoni: imeganda, lakini sauti inaendelea kama kawaida. Kama hili limewahi kukukuta katikati ya somo au mahojiano, unajua linavyoumiza. Watu wanakusubiri, na wewe umeinama chini ya meza unapapasa waya.

Nina ombi moja kabla hatujaanza. Badilisha kitu kimoja, kisha jaribu. Ukibadilisha waya, draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa) na mipangilio kwa mkupuo, kamera ikitulia hutajua kilichoiponya, na tatizo likirudi utakuwa huna pa kuanzia.

Hatua ya kwanza ni kujua nani ameachia: ni kompyuta iliyoipoteza kamera, au ni programu iliyopoteza picha? Haya ni matatizo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Dirisha la Device Manager, lenye orodha ya vifaa vya kompyuta, linafunguka. Tafuta kamera yako kwenye orodha, kisha liweke dirisha hili pembeni, OBS ikiwa wazi upande wa pili. Halafu subiri. Picha ikiganda, angalia orodha. Ikipepesa na kamera ikatoweka, au taa ya kamera ikazimika na ule mlio ukasikika, basi kompyuta yenyewe imeipoteza. Orodha ikitulia tuli huku picha imeganda, ruka mpaka sehemu ya OBS mwishoni mwa video hii.

Wa Linux, fungueni terminal, dirisha la kuandikia amri, na muandike sudo dmesg -w. Kamera ikikatika, mstari wenye maneno USB disconnect utajitokeza hapo hapo.

Haya, tuseme kompyuta ndiyo iliyoipoteza. Anza na waya. Najua wengi wenu mngependa kuanza na draiva, kwa sababu ndiko tunakozoea kuambiwa. Mimi pia nilianzia huko. Nilikuwa nafundisha kwa njia ya mtandao, kamera inakatika mara mbili tatu kwa kila kipindi. Nilifuta draiva, nikaiweka upya, mwisho nikasakinisha Windows yote upya, siku mbili zimepotea. Kilichokuwa kinaniangusha ni waya wa kuongezea urefu niliouweka ili kamera ifike juu ya taa. Nilipouondoa, kimya. Tangu siku hiyo mkono wangu unakwenda kwenye waya kabla ya kipanya.

Waya wa USB 2.0 haupaswi kuzidi mita 5, na ule wa USB 3.0 kwa kawaida ni mita 3 hivi. Kila unapounganisha waya kwa waya unaongeza mahali pa kulegea, na umeme unaofika kwenye kamera unapungua. Kwa hiyo chomoa kila cha katikati: habu (kifaa kinachogawa poti moja kuwa nyingi), waya wa kuongezea, adapta ya kubadilisha umbo la plagi. Chomeka kamera moja kwa moja kwenye kompyuta. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia poti za nyuma, maana zimeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mama, wakati zile za mbele zinapitia waya mwingine ndani ya kasha. Sasa shika waya karibu na plagi, utikise polepole. Fanya vivyo hivyo pale unapoingia kwenye kamera. Ikikatika ukitikisa, umeshampata mwenyewe, hakuna haja ya kuendelea.

Kama waya ni mzima, twende kwenye umeme. Poti ya USB 2.0 kwa kiwango chake inatoa miliampia 500, na ya USB 3.0 inatoa 900. Ukichomeka habu isiyo na adapta yake ya umeme, vifaa vyote vilivyo juu yake vinagawana mgao wa poti moja. Kamera, maikrofoni, taa ndogo ya USB, diski ya nje: diski inapoamka kuanza kuandika, umeme unashuka ghafla na kamera inaanguka. Dalili yake ni hii, kamera inatulia ikiwa peke yake, na inakatika ukianza kurekodi kwenye diski ya nje. Tumia habu yenye adapta yake, au ihamishe kamera kwenye poti yake yenyewe. Ile taa ya USB ichomeke kwenye chaja ya simu, haihitaji kompyuta hata kidogo.

Sasa mipangilio ya Windows. Kompyuta inapenda kubana umeme, na njia mojawapo ni kuilaza poti ya USB inayodhani haina kazi. Baadhi ya kamera zikilazwa haziamki vizuri. Rudi kwenye Device Manager, shuka mpaka sehemu ya vidhibiti vya USB, bofya mara mbili kila kinachoitwa USB Root Hub, fungua kichupo cha Power Management, uondoe tiki kwenye kisanduku kinachoruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Fanya hivyo kwa kila root hub iliyopo. Kisha bonyeza tena Windows na R, andika powercfg.cpl, ingia kwenye mipangilio ya juu ya mpango unaoutumia, tafuta USB selective suspend, uweke Disabled. Kwenye laptop utaona mistari miwili, wa betri na wa umeme wa ukutani. Badilisha yote miwili. Kwenye baadhi ya laptop mpya mstari huu haupo kabisa, usihangaike kuutafuta.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi, nalo ni kujaa kwa njia. USB 2.0 ina megabiti 480 kwa sekunde, tena hiyo ni ya kwenye karatasi, halisi ni pungufu. Picha ya 1920 kwa 1080, fremu 30 kwa sekunde, ikisafirishwa bila kubanwa kwa mfumo wa YUY2, inahitaji karibu megabiti 995. Haipiti. Ndiyo maana kamera nyingi huibana picha kwa MJPEG kabla ya kuituma. Na kuchomeka kamera ya USB 2.0 kwenye poti ya bluu, yaani ya USB 3.0, hakuiongezei mwendo. Hata kwenye habu ya USB 3.0, vifaa vyote vya 2.0 vinapita kwenye njia ileile ya 480. Kamera mbili kwenye habu moja mara nyingi zitakuonyesha hivi: ya kwanza inawaka, ya pili inagoma, au zote zinaganda kwa zamu. Zitenganishe, kila moja poti yake ya kompyuta.

Tufungue OBS. Bofya mara mbili chanzo cha kamera. Kwenye Resolution/FPS Type chagua Custom, weka 1280 kwa 720, fremu 30, na kwenye Video Format chagua MJPEG. Ikitulia hapo, panda mpaka 1080 uone. Ukishuka chini utaona kisanduku cha Deactivate when not showing. Kikiwa na tiki, kamera inazimwa na kuwashwa kila unapohama mandhari (scene), na kamera nyingine hazivumilii. Ondoa tiki. Halafu kagua mandhari zako: kamera iongezwe mara moja tu, kwingine kote chagua Add Existing. Na funga programu nyingine zinazoweza kuishika kamera, kama Zoom au kivinjari chenye mkutano ulioachwa wazi.

Ikitokea imekatika ukiwa hewani kweli, usifunge OBS. Ingia kwenye chanzo hicho, bofya Deactivate, subiri kidogo, bofya Activate. Mara nyingi picha inarudi na matangazo hayakatiki.

Mwisho ni jaribio. Usilifanye mbele ya watu. Rekodi tu, saa nzima, vifaa vyote vikiwa vimewashwa kama siku ya kazi, na Device Manager ikiwa wazi pembeni. Ikipita saa nzima, rudisha ulivyovitoa, kimoja kimoja: habu leo, waya wa kuongezea kesho. Na kama kamera inakatika hata kwenye kompyuta nyingine, ikiwa imechomekwa moja kwa moja na bila kifaa kingine chochote, basi kamera ndiyo mbovu. Ikiwa waya wake ni wa kuchomolewa kwenye kamera, jaribu waya mwingine kabla hujainunulia mbadala.