Kitufe cha Kwenye Skrini Kiwashe Taa ya Mezani: Raspberry Pi na Python

Karibuni tena. Leo, kwa Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) na lugha ya programu ya Python, tunatengeneza programu ya dirisha, yenye kitufe cha kubofya kwa mausi, na kitufe hicho kitawasha taa ya kweli, LED ndogo, hapa mezani. Zoezi hili nalipenda kuliko yote.

Pi imewaka? Basi izime kwanza! Waya hatuchomeki kukiwa na umeme.

Pini za Pi, vijiti vya chuma vya kuungia waya, ziko 40, mistari miwili. Anzeni kona iliyo mbali na matundu ya USB. Mstari wa ndani una namba witiri: 1, 3, 5... Ya sita ni pini 11, na kwenye kodi, yaani maagizo ya programu, inaitwa 17. Shikeni hapo: waya 11, kodi 17. Mstari wa nje, ya tatu ni pini 6, hiyo ndiyo ground, njia ya umeme kurudi. Mbili za mwanzo zina volti 5, ziacheni kabisa. GPIO, yaani pini zinazoongozwa na kodi, zinavumilia 3.3 tu, ukizipa 5 bodi inaweza kufa.

Toka 11 pita kwenye rezista, kipunguza umeme, ya ohm 330 (mistari yake: machungwa, machungwa, kahawia), ingia mguu mrefu wa LED. Mguu mfupi uende 6. Kwenye pakiti ninazouza naweka LED nyekundu, maana ya bluu hufifia kwa volti 3.3.

Washa Pi, fungua Thonny (programu ya kuandikia Python), andika:

from gpiozero import LED
from tkinter import Tk, Button
taa = LED(17)
dirisha = Tk()
Button(dirisha, text="Washa / Zima", command=taa.toggle).pack()
dirisha.mainloop()

Simama kwenye toggle, yaani washa kama imezima, zima kama inawaka. Usiweke mabano () baada yake! Ukiyaweka, Python inaiendesha pale pale: taa inawaka dirisha likifunguka, halafu kitufe ukibofye mpaka jioni, kimya. Tunakikabidhi kitufe jina la kazi, kazi yenyewe kitaifanya kikibofywa. Narudia, toggle bila mabano.

Bonyeza Run. Dirisha hilo. Nabofya... haiwaki. Subirini, nisogeze kamera. Aa, waya wa pini 6 umelegea. Nausukuma... Mnaiona hiyo? Bofya, inawaka. Bofya, inazima. Toggle, bila mabano!

Mkitaka pampu au balbu ya nyumbani, msiunge kwenye pini moja kwa moja. Wekeni rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo) katikati, na upande wa umeme wa nyumba afunge fundi umeme.