Miombo Haitazamwi kwa Haraka: Maneno kabla ya Kuingia Msituni, Tabora

Mwangaluka, ndugu zangu. Sogeeni kivulini kwanza.

Njia yetu ya leo haifiki kilomita mbili. Mwenye haraka ataimaliza kwa nusu saa, kisha atatoka akilalamika kwamba msitu hauna kitu, hata swala hakumwona. Mimi naomba tuitumie asubuhi nzima. Miombo ya huku kwetu utaijua kwa magome, kwa visiki, na kwa yaliyo chini ya majani makavu. Swala akipita, ni bahati tu.

Tutaanza na mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote. Hapo mtu alitaka mzinga. Mzinga wa gome ni mwepesi, haugharimu kitu, na nyuki wanaukubali, siwezi kusema uongo. Lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia ngozi ya ndani ya gome. Ukiichuna pande zote, mizizi inakufa njaa huku majani juu yangali mabichi. Mti hauanguki siku ile, basi mchunaji anaondoka na amani yake. Ndiyo sababu maofisa nyuki wanahimiza mizinga ya mbao.

Mbele kidogo kuna visiki vya mitundu, miti ya miombo. Hapo tuchuchumae. Mtundu ukikatwa haujaisha. Kisiki hutoa machipukizi, na majani yake machanga huwa mekundu Septemba na Oktoba, mvua zikiwa bado hazijanyesha. Wageni huniuliza nani alipanda miti hii. Hakuna aliyepanda. Kijiji kiliutenga msitu, jambo ambalo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaliruhusu, kikazuia jembe na shoka, na mizizi iliyokuwa hai ikafanya kazi yake.

Adui wa machipukizi hayo ni moto, ila mioto haifanani. Wa Mei, nyasi zikiwa na unyevunyevu, hupita juu juu. Wa Septemba huunguza kila kichipukizi hadi chini, na kisiki kinaanza upya. Halafu kuna mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa moto. Tumbaku imesomesha watoto wengi mkoa huu, siibezi, lakini bani linakula kuni, na kuni hizo zinatoka hapa.

Wale wanaopenda uyoga warudi mvua zikishakolea. Uyoga mwingi wa miombo umeungana na mizizi ya miti: mti unaupa sukari, wenyewe unausaidia mti kupata maji na madini. Akina mama wanaouokota wanajua bila kufundishwa kwamba penye shamba jipya uyoga ule hauoti.

La mwisho ni mavazi. Mbung'o huvutiwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Naona hapa kuna wenzetu wamevaa bluu juu hadi chini. Hao watembee mbele, sisi tufuate kwa mbali kidogo.